Kigelegele Mlangoni Zabarjadi

Jana usiku, kichwa kimegusa mto tu, nikaota nimesimama foleni mlangoni Zabarjadi, saa nne asubuhi, jua linanichoma utosi, na wote tuliosimama pale tunahakikishiana kwamba ni usiku.

Tulijua ni usiku kwa sababu bango la mlangoni liliandikwa USIKU. Jua lenyewe lilipolisoma lile bango lilijisogeza pembeni kidogo kwa adabu, ila halikuondoka.

Kabla sijaendelea nijieleze. Mimi ni Siwema, fundi cherehani wa Mwananyamala. Nashona mashuka, foronya na mapazia. Nina miaka hamsini na mbili na sijawahi kuwa na haja na klabu ya mtu. Pombe sinywi, magoti yananisumbua, na muziki ukizidi sauti kichwa kinanigonga. Lakini nina binti mmoja, Zuwena, na Zuwena alikuwa amepata kazi ya kuimba Zabarjadi, ile klabu ya Masaki yenye ukuta wa kioo kutoka juu mpaka chini. Jana ndiyo ilikuwa siku yake ya kwanza kusimama jukwaani.

Sasa kwetu, jambo la kwanza la mtoto hupigiwa kigelegele na mama yake. Si shangazi, si jirani: mama. Zuwena alipoota jino nilipiga. Aliposimama dede nilipiga. Alipofaulu darasa la saba nilipiga mpaka mwalimu mkuu akatoka ofisini mbio akidhani kuna moto. Na mimi si mpigaji wa kubahatisha, jamani. Mtaani kwetu bwana arusi haingii ndani mpaka nisikike mimi. Kwa hiyo nilitaka kitu kimoja tu: Zuwena akimaliza wimbo wake wa kwanza, asikie kigelegele changu. Baada ya hapo wangenirudisha nyumbani hata kwa toroli, nisingesema neno.

Ijumaa iliyopita, nikiwa macho kabisa, nilikwenda kupaangalia mahali penyewe, nijue siku ikifika nitakaa wapi. Baunsa wa mlangoni ni Festo, kijana wa mtaa wa pili, mweusi tii kunishinda hata mimi. Akaniamkia shikamoo kwa heshima zote, kisha akaniambia leo ni wanachama tu. Nyuma yangu wakaja wazungu wawili, kaptura na kandambili zenye mchanga, wakapita kama wanaingia chooni kwao. Nikamuuliza, "Na hawa ni wanachama?" Festo akatazama chini. "Mama, usinitafutie balaa. Mimi naambiwa tu." Nikarudi. Nikamdanganya Zuwena kwamba magoti yamezidi, siku yake sitaweza kwenda. Hakuniuliza zaidi, na ule ukimya wake ulinionyesha kwamba anajua.

Ndiyo maana jana saa mbili usiku nilikuwa kitandani. Ndoto ikanifuata.

Foleni ni ndefu. Mbele yangu kuna mzungu amelala fofofo juu ya kitanda cha magurudumu, shuka imemfika kidevuni. Shuka nimeishona mimi, pindo langu nalijua. Festo anaifungua kamba nyekundu, kitanda kinajisukuma ndani.

"Huyu hajaomba kuingia," namwambia Festo.

"Hajaomba," anakubali. "Lakini hajakataa."

Mzungu anakoroma na kupita. Nyuma yake inapita familia ya Kihindi, baba, mama na bibi, lakini wao wanasimamishwa kwanza na kuulizwa kama ni wageni au ni wa hapa hapa. Baba anasema babu yake alizaliwa Pangani. Festo anasikitika. Anawashauri waseme wamefika leo na ndege. Wanasema wamefika leo na ndege, kamba inafunguliwa.

Nafika mbele. Kamba inajinyoosha kifuani pangu na kukohoa.

"Shikamoo, mama," inasema kamba.

"Marahaba. Nipishe."

"Siwezi, mama. Mimi nina watu wangu wa kuwapisha."

Festo anatoa kadi ya rangi mfukoni, ile ya duka la rangi za nyumba, yenye vipande vidogo vidogo. Anaiweka juu ya mkono wangu. Kadi inaanza kujisoma kwa sauti ya karani wa mahakama.

"Maziwa. Krimu. Ganda la yai. Mchanga mkavu. Mchanga mbichi. Chai ya maziwa, kwa mwaliko."

Inaanza kujikunja.

"Endelea," naiambia.

"Nimeishia hapo."

"Mimi ni kahawa."

"Kahawa haikuchapwa," inasema kadi. "Kiwandani walisema hakuna mteja anayeiulizia."

"Mimi hapa naiulizia."

"Wewe si mteja, mama. Hujaingia."

Nikamgeukia Festo, maana hasira lazima impate mtu.

"Na wewe, mweusi wa Mungu, uliingiaje?"

"Sijaingia, mama. Huu mwaka wa sita nasimama hapa. Kilichoingia ni mgongo wangu tu."

Anageuka kidogo nione. Kweli. Mbele anatiririka jasho na shati limemganda, lakini mgongo wake umevaa koti jeupe, umetulia, unapulizwa na kiyoyozi.

"Huko ndani kukoje?" namuuliza.

"Mgongo hauna macho, mama."

Sikioni kwake kuna waya, na ndani ya waya anaishi meneja. Meneja anapozungumza, waya unatoa baridi. Namsikia akisema, "Mwambie tumejaa."

"Tumejaa, mama," anasema Festo.

Nasogea kwenye kioo, naweka viganja pembeni ya macho nichungulie. Ukumbi mzima ni viti vitupu.

"Festo, si viti hivi vitupu?"

"Si vitupu. Vimekaliwa."

"Na nani?"

"Na viti."

Naangalia vizuri. Kumbe kila kiti kimekaliwa na kiti kingine kidogo, kimekunja miguu, kinakunywa juisi kwa mrija. Kiti kimoja karibu na dirisha kinainua glasi kunisalimia, kisha kinamgeukia mwenzake na kunong'ona. Wanatazama kichwa changu.

"Wanachama," anaeleza Festo.

Hapo nikamwona Zuwena. Amekaa pembeni ya jukwaa na gauni la kijani nililomshonea, anakunywa maji ya uvuguvugu nilivyomfundisha. Anaangalia meza moja, anahamia nyingine. Anatafuta mtu. Nilimwambia sitakuja na bado ananitafuta, na mimi nimetenganishwa naye na kioo ambacho mtoto mdogo angekivunja kwa jiwe.

"Ataimba saa ngapi?" nauliza.

"Ameshaitwa."

"Basi nifanyie mpango, mwanangu. Nakuomba. Wimbo wa kwanza ni mmoja tu. Wa pili hata nikiukosa si neno."

Festo anafikiri. Ni kijana mwema, hilo silifichi, ndiyo maana inauma zaidi. Anasema, "Labda tatizo ni viatu. Tuviangalie viatu."

Viatu vyangu ni vile vyeusi vya arusi ya kaka yangu Shomvi, nimevivaa mara tatu. Festo anainama, anavikagua, anavisifu.

"Viatu havina tatizo," anasema. "Viingie."

Viatu vinatoka miguuni kwangu, vinajipangusa kwenye zulia, vinaingia. Kamba inavipisha na kuviambia karibuni sana.

"Mkoba?"

Mkoba unaingia. Hereni zinaingia, moja mbele, nyingine nyuma. Gauni langu la zambarau linaaga vizuri, linasema litaniwekea nafasi, linaingia. Bahati nilivaa kanga ndani. Mama yangu, Mungu amrehemu, alinikataza kutoka nyumbani bila kanga ndani, na sasa nimeelewa kwa nini.

"Umri?" anauliza Festo.

"Hamsini na mbili."

"Umri wa heshima. Uingie."

Umri wangu unapita mlangoni, umeshika kiuno. Magoti yanaacha kuuma palepale, lakini sijisikii vizuri. Najisikia kama nyumba iliyohamwa.

"Jina?"

"Siwema."

"Jina zuri sana hilo. Liingie."

Jina likaingia. Kwa ndani kwenye kioo naona viatu vyangu vinacheza, gauni langu limekaa na kiti kimoja cha ngozi, wanazungumza na kucheka. Mhudumu ameliletea gauni zeituni kwenye kisahani. Kila kitu changu kimekaribishwa. Vyote nilivyonunua, nilivyoshona na nilivyopewa na wazazi vimeonekana vinafaa. Kilichobaki nje ni ngozi niliyozaliwa nayo, imefungwa kanga, inasimama juani. Niliumia, nisiseme uongo. Niliumia mpaka nikataka kukaa chini.

Festo ananitazama na kukunja uso.

"Samahani, wewe ni nani?"

"Mimi ni..." Nikatafuta jina, nikakumbuka liko ndani. "Mimi ni mama yake Zuwena."

Anafungua orodha, anapitisha kidole mpaka chini.

"Hayumo. Ila kuna mlango wa nyuma."

Nageuka nyuma, na tayari nimekaa darasani, shule ya msingi ya Zuwena, kwenye dawati linalonibana mapaja. Ubaoni pameandikwa MLANGO WA WAFANYAKAZI. Mwalimu ni dekio. Limesimama wima mbele ya darasa, nywele zake za kamba zimelowa, linatona matone sakafuni. Darasa zima ni watu wazima wa rangi yangu, wapishi, walinzi, waosha vyombo, wafungua chupa.

"Anayepita mlango huu anaingia kama nani?" linauliza dekio.

"Mfanyakazi!" tunajibu.

"Anaangalia wapi?"

"Chini!"

"Akimwona ndugu yake ukumbini?"

"Hamjui!"

Hilo la mwisho sikulijibu. Dekio likaniona. Likaja mpaka dawatini kwangu, likaniinamia, harufu ya dawa ya sakafu ikaniingia puani.

"Unataka kuingia au hutaki?" likaniuliza polepole.

"Nataka."

"Akimwona ndugu yake ukumbini?"

"Hamjui," nikasema. Nililisema, ndiyo. Mungu anisamehe, nililisema kwa kinywa changu.

Basi dekio linarukia mikononi mwangu na niko ndani. Niko ndani ya Zabarjadi! Baridi ya kiyoyozi inanipiga miguuni, taa ni za bluu, na jukwaa liko hatua tatu mbele yangu. Zuwena amesimama kwenye kipaza sauti. Naona mpaka uzi wa kijani niliouacha kwenye mkono wa gauni lake, ule niliosahau kuukata. Hakuna aliyenizuia, hakuna aliyeniuliza rangi. Mtu wa rangi yangu mwenye dekio hana swali.

Nainua kichwa nimtazame mwanangu.

"Chini," linasema dekio.

Nainamisha. Nadeki. Nasogea hatua moja, nainua tena. Sakafu inajivuta kama unga wa chapati na jukwaa linakwenda mbali. Nainamisha, jukwaa linarudi karibu. Nainua, linakwenda. Nikaelewa utaratibu. Naweza kuwa karibu naye, au naweza kumtazama.

"Basi nimsikie tu," naliambia dekio. "Sitamtazama."

"Mwenye dekio hasikii wimbo," linasema. "Anasikia sakafu."

Zuwena akaanza kuimba. Najua alianza kwa sababu viti viliacha kunywa. Lakini mimi nilichosikia ni sakafu, ikiniambia kwa sauti ya bibi mgonjwa: hapa bado. Na hapa. Pale chini ya meza hujafika. Hapa umepita lakini bado. Mwanangu anaimba wimbo alioutunga jikoni kwangu akimenya vitunguu, na mimi nasikia sakafu.

Nikakohoa makusudi. Zuwena akateremsha macho. Yakanipitia. Yakapita juu yangu na ndoo yangu, taratibu, bila ubaya wowote, yakaenda kuitafuta meza nyingine. Yeye si mtoto mwenye dharau. Alimwona mtu anayedeki, na alikuwa anamtafuta mama yake.

Hapo nikalitupa dekio.

Halikugusa hata sakafu. Nimerudi nje, juani, kanga kiunoni, kamba kifuani, na kwa nyuma ya kioo midomo ya Zuwena inasogea bila sauti. Naujua wimbo. Nahesabu mistari kwa midomo yake. Umebaki ubeti mmoja.

"Festo! Kitu gani cha mwisho mnakiruhusu? Niambie upesi!"

"Una nini kilichobaki, mama?"

"Sauti."

Festo anachukua ile kadi ya rangi na kuniwekea kooni. Kadi inajigeuza, inajipima upande wa pili, inavaa miwani.

"Siioni rangi yake," inasema kadi, na inaonekana kukerwa. "Haimo kwenye maziwa, haimo kwenye kahawa. Sina sababu ya kuizuia."

"Ipite," anasema Festo.

Kamba inashuka kidogo, na inaposhuka inaninong'oneza. Ni kamba ya katani, ndani ya lile vazi lake jekundu, katani ya Korogwe kabisa, na ina huruma ya watu wa kule.

"Mama, nikwambie ukweli. Kikishaingia hakitoki. Umeona viatu vyako vikitoka?"

"Sijaviona."

"Basi fikiri."

Sikuwa na muda wa kufikiri, lakini nilifikiri. Nilifikiri kesho asubuhi nitamwitaje Zuwena aje anywe chai. Nitamjibuje mtu akibisha hodi. Nitagombana vipi na wateja wanaoleta kitambaa pungufu wakitaka shuka kubwa. Maisha yangu yote nimeyaendesha kwa mdomo huu. Nikatazama kwenye kioo. Zuwena amefumba macho, anaimaliza ile noti ndefu ya mwisho, na akishaimaliza atafumbua macho, na zaidi ya watu wale na viti vile hakutakuwa na mtu wake hata mmoja.

Nikapiga.

Jamani, nilipiga. Kilianzia kwenye nyayo. Kikapanda, kikapita tumboni alikokaa Zuwena miezi tisa, kikafika kooni na ulimi ukakipokea. Kikavuka juu ya kamba, kikapita begani kwa Festo, ule mgongo wake mweupe ukatetemeka, kikaingia. Nilikisikia kikifunguka ndani ya ukumbi, kirefu, na ile katikati ninayoikata mara tatu, na kule mwisho ninakokiinua.

Zuwena akafumbua macho. Uso wake ukawa ule wa darasa la saba. Akacheka, akalia, akaweka mkono mdomoni. Glasi zikaanguka kutoka kwenye mikono ya viti. Mwanangu akateremka jukwaani, akapita katikati ya meza akitazama huku na huku, akaja mpaka kwenye kioo, akakiwekea viganja, akachungulia nje.

Nami nikaweka viganja vyangu juu ya vyake, upande wangu.

Alinitazama usoni kabisa. Lakini kwangu mimi ni saa nne asubuhi na kwake ni usiku, taa zinawaka ndani, na kioo cha usiku humwonyesha mtu uso wake mwenyewe. Niliona midomo yake ikisema, "Mama?" Nikafungua mdomo nimwite. Hakikutoka kitu. Akasubiri. Akajifuta machozi, akajitengeneza kilemba kwa kujitazama kwenye uso wangu, akageuka na kurudi.

"Tumefunga, mama," alisema Festo, na jua likazimwa.

Nikaamka. Chumba ni kile kile, cherehani iko pembeni, mwanga wa alfajiri umeingia kwenye pazia. Nikasikia ufunguo mlangoni. Zuwena akaingia, viatu mkononi, gauni la kijani bado mwilini.

"Shikamoo, mama."

Nikamwinulia mkono, maana usingizi ulikuwa haujanitoka. Akakaa ukingoni mwa kitanda changu, akaanza kufungua kilemba. Hakukifungua mpaka mwisho.

"Mama, jana kumetokea kitu," akasema. "Nimemaliza wimbo wa kwanza, wanapiga yale makofi yao ya vidole viwili, mara kikatoka kigelegele. Hapo hapo ukumbini. Kirefu! Mama, nimesikia raha ambayo sijawahi kuisikia tangu nizaliwe. Nimelia mbele ya watu wote. Nimezunguka meza zote kumtafuta aliyepiga."

Akacheka kidogo, kisha kicheko kikamkatikia.

"Meneja amekasirika. Anauliza nani amewaingiza Waswahili humu. Wamewasha taa zote, wakatafuta mpaka chooni, mpaka chini ya meza. Hawakuona mtu. Festo wamemvua koti pale pale mlangoni, wakamwambia aende zake, eti amepitisha mtu. Kaapa mpaka kachoka. Na mimi nimeambiwa nisirudi. Amesema nikiwepo mimi, watu wangu watakuja."

Gari la taka lilipita nje. Zuwena alikuwa anauvuta ule uzi wa mkononi mwa gauni, anauzungusha kidoleni.

"Nimewaambia mama yangu anaumwa magoti, yuko nyumbani amelala. Nimewaapia." Akanigeukia. Macho yake mekundu, yamevimba. "Lakini mimi nakijua kigelegele chako, mama. Kile cha jana kilikatwa mara tatu katikati. Sitakasirika, wallahi. Niambie tu. Ulikuja?"

Nikafungua mdomo nimjibu mwanangu, ukatoka upepo mtupu.